Aliyesema "Tumekosea" Kabla ya Mvua

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya duka la viungo, Mji wa Kale, nikingoja kupimiwa manjano na pilipili. Embe zangu za achari nilikuwa nimezianika darini, juu ya nyumba, kwa kuwa redio ilisema jua. Kando yangu alisimama mwanamke kijana wa bara, kitambulisho cha ofisi ya hali ya hewa shingoni, ameikodolea macho simu yake.

"Mwanangu, hayo maziwa yaliyomwagika kwenye simu yako yana nini?" nikamuuliza.

Akacheka. "Ni mawingu, nyanya. Setilaiti imeyapiga picha kutoka juu. Natazama hewa inavyozunguka, nione kama utabiri wetu ni sawa."

"Na ni sawa?"

Akachora duara kwa kidole juu ya kioo. "Hewa imejikunja hapa baharini, inatuletea mvua. Tumekosea, nyanya. Nimeshawaandikia ofisini warekebishe. Umeanika kitu?"

"Embe za achari. Biashara yangu nzima."

"Basi kaanue sasa hivi!"

Nilikimbia, kwa magoti haya haya. Jamvi la mwisho lilipoingia ndani, mvua ikashuka.

Nimesimama kwenye kaunta za ofisi nyingi, nikaambiwa faili halionekani, nije kesho, kosa ni langu. Mtu wa ofisi kusema "tumekosea" mvua ingali baharini, huyu ndiye wa kwanza.

Chupa ya kwanza ya achari ni yake, na pilipili nimempunguzia. Ni mtu wa bara, nami namtaka mzima.