Neno Alilotuma Baba Mkwe

Mume alinifia. Mafuriko yakaibeba nyumba yetu hapa Mwaya, nikabaki na shamba lake la mpunga. Lakini aliyetaka kunimaliza kabisa ni baba mkwe wangu, na nasema wazi kwamba ni yeye.

Kikundi chetu cha mpunga kina mashine ya ujumbe. Unaandika kwenye simu jina la kazi: ZAMU, inakutajia siku yako ya maji; MBEGU, inakuandikisha mbegu. Fundi aliyeitengeneza, mtu wa Kyela mjini, alijisifu mkutanoni: “Kila kazi humu ina jina. Iite tu, itaitika.” Hakusema kwamba hata kazi za siri, zilizokuwa zake fundi peke yake, zingemwitikia yeyote aliyejua majina yake. Baba mkwe, yule mzee, akamdodosa polepole mpaka akalipata jina moja. Akatuma FUTA, pamoja na namba yangu ya uanachama. Mashine ikaitika, ikanifuta kikundini.

Siku ya kugawa maji sikutajwa. Mama mkwe akatumwa kwangu na maneno: “Baba yako anasema shamba limerudi kwenye ukoo.” Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamkabili baba mkwe, akimwona njiani anachepuka. Mzee alijificha nyuma ya heshima hiyo.

Nikamfuata fundi. Akafungua kompyuta, ujumbe ule uko pale, na namba ya simu ya mzee.

“Kosa langu, mama. Neno lolote likiingia, mashine inalifanya.”

“Basi weka orodha. Lisilokuwemo likataliwe.”

“Kumbe na wewe fundi!”

“Nimeishia darasa la nne. Lakini banda langu la kuku simfungulii kila anayebisha.”

Akanirudisha kikundini, akaandika orodha: ZAMU, MBEGU, MAVUNO. Basi.

Mkutano uliofuata nikasimama mbele ya mzee, uso kwa uso. Wanawake wakaziba midomo.

“Baba, tuma tena lile neno. Namba yangu unaijua.”

Akainama. Mtu akadakia kutoka nyuma: “Tuma, mzee, au salio limeisha?” Watu wakacheka. Mwenyekiti akamwamuru, mzee akatuma. Mwenyekiti akaichukua simu yake, akasoma jibu kwa sauti: “Kazi hiyo haimo kwenye orodha.” Nilikitazama kichwa cha mzee chenye mvi, na sikumhurumia hata kidogo.

Baada ya wiki mama mkwe akaja kudai jogoo wa kumtuliza mzee, kwa kuwa nilimkabili. Alinikuta napandikiza mpunga, maji yamenifika magotini.

“Mwambie aje amdai mwenyewe,” nikasema, nikainama tena.