Kiapo Alichokikataa

Mpaka leo nikimsikia mtu akiapa ovyo, eti wallahi samaki huyu kavuliwa leo, wallahi niko njiani, damu inanichemka. Watu wanaapa kwa sababu ya samaki, na mwenzangu mmoja alikataa kuapa pale ambapo kiapo kingemrudisha kwao.

Tulijuana kwenye mafunzo ya wakala Nairobi na tukapanda ndege moja, mimi Mwislamu wa Mombasa, yeye mlokole wa Magharibi mwa Kenya. Riyadh mimi niliangukia zahanati moja ya mtaa wa Shumaisi, kupiga deki. Yeye aliangukia kazi za ndani kwa madam aliyefungia hata sukari. Mwaka wa pili bangili ya dhahabu ya madam ikapotea, na nani mwingine wa kushukiwa? Chumba chake kilipekuliwa mpaka godoro likachanwa, hakikuonekana kitu, na bado akashtakiwa. Kesi ikiwa wazi haruhusiwi kutoka nchini, na mamake kule nyumbani alikuwa hanyanyuki kitandani. Mwenzangu alitaka jambo moja tu, amkute hai.

Mimi nilikwenda mahakamani kumsindikiza. Mkalimani hakutokea, karani akauliza nani anajua Kiarabu na lugha ya huyu, nikanyoosha mkono. Kiarabu changu ni cha madrasa, nimekinoa kwa wagonjwa. Nikaapishwa kwanza kwamba nitafsiri kama ilivyo, nisiongeze, nisipunguze. Niliapa harakaharaka, kama mtu anayepokea chenji.

Kadhi, lazima niseme, hakuwa mtu mbaya. Alimwuliza madam, ambaye ndiye mdai, ana shahidi gani. Hana. Kuna aliyemwona mdaiwa na bangili? Hakuna. Dereva wa nyumba, Mkenya mwenzetu, alisema hakuona kitu. Madam alikuwa na dhana na sauti kubwa, basi. Kisha kadhi akaeleza sheria: mdai akikosa ushahidi, mdaiwa anayekana huapa kwa Mungu, na akishaapa dai linaanguka. Hata Mkristo huapa. Nilimtafsiria huku nikicheka kwa furaha, maana niliona keshafika kwa mamake.

Yeye hakucheka. "Kanisani kwetu hatuapi," akasema. "Mwambie sikuchukua. Nikishasema, nimesema."

Nilimfikishia kadhi. Akashangaa, akauliza mtu mkweli anaogopaje jina la Mungu wake. Akamtaka aape mara ya pili, mwenzangu akakataa. Nikaanza kumsihi kwa Kiswahili amkumbuke mamake, kadhi akanikanya kwamba kazi yangu ni kutafsiri, si kushauri. Mara ya tatu akamwonya kuwa kukataa kutahesabiwa dhidi yake. Mwenzangu akajibu yale yale kwa Kiswahili.

Hapo nilimchukia. Nilimchukia na mchungaji wake, aliyemfundisha hayo akiwa amekaa salama kwake. Mle ndani hakuna aliyeelewa Kiswahili ila sisi wawili na dereva, na dereva asingefungua mdomo. Ningesema tu kwamba ameapa, nani angejua? Lakini mimi nilikuwa nimeapa.

"Anakataa," nikamwambia kadhi.

Karani akaandika. Madam, aliyekuja bila shahidi hata mmoja, akashinda. Bangili ikawa juu ya mwenzangu, na mpaka ailipe, mafi, hakuna kutoka. Yule mwanamke akaweka sawa abaya yake na kuondoka bila hata kumtazama. Mimi nikaletewa karatasi nitie saini kwamba nimetafsiri kwa uaminifu. Nikatia.

Askari alipompitisha karibu nami, mwenzangu aliomba asimame kidogo.

"Ulimwambia vile nilivyosema?"

"Nilimwambia."

"Asante, dada."

Mamake alizikwa kabla ya mwaka kwisha, naye angali Riyadh. Yote mengine nimejaribu kuyasamehe. Ile asante yake siwezi.