Kicheko cha Kadar, Dalali wa Ngamia

Kadar alikuwa dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Garissa, na kwa kazi hiyo alikuwa amefungua vinywa vingi, kusoma umri kwenye meno, kuliko daktari yeyote wa meno. Chake mwenyewe alikifunga. Alizaliwa Hadado, ambako maji ya kisima huyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia bila kuwauliza, basi akajifunza kucheka kwa pua. Mkewe Shamso alimzalia watoto sita pasipo kuyaona magego yake.

Binti yao Ruweyda alipoposwa, Kadar aliazimia kucheka hadharani siku ya harusi, angalau mara moja. Akaenda Nairobi, akarudi na vigae vya kauri, vyembamba kama ukucha, vimegandishwa juu ya meno ya mbele. Vilikuwa vyeupe kiasi cha kumshtua mbuzi.

Akavitunza kama mama yake alivyomfundisha kutunza meno: mkaa uliosagwa, kidole na bidii, asubuhi na jioni. Harusi ilipokaribia, vilikuwa vimefifia kama sufuria iliyokwanguliwa kwa mchanga, na kila kikombe cha chai kilikuwa kimeacha salamu zake.

Akaenda kwa Daktari Kanana, mwenye kliniki ya meno pale mjini.

"Mzee Kadar, umevipiga msasa?"

"Mkaa tu, daktari. Mkaa safi kabisa."

"Huo ndio msasa wenyewe. Umekwangua mng'aro, sasa chai imepata pa kushika."

Akavisugua kwa kimashine chake mpaka vikang'aa tena, kisha akatoa masharti: mswaki laini, dawa ya meno isiyokwaruza, kusukutua kwa maji kila baada ya chai. Na miraa, basi, asitafune tena.

"Wewe si wa Meru?" Kadar aliuliza. "Miraa mnatuletea nyinyi."

"Analeta shangazi. Mimi natengeneza meno."

Kadar akashika masharti kama mtu aliyesilimu jana. Sokoni alitembea na chupa ya maji, akisukutua na kutema kando kwa heshima zote. Mursal, dalali mwenzake na mjomba wa bwana harusi, akawauliza wanunuzi, "Mtu anayejibandika meno, umri wa ngamia wake mtauaminije?" Wakacheka. Kadar naye akacheka, kwa pua. Mazoea.

Siku ya harusi, nikaha ilipokwisha kufungwa, wazee wakakaa mkekani na chai ya iliki. Mursal akamsogelea Kadar, akamshika taya kama anavyoshikwa ngamia.

"Waryaa, wewe, fungua."

Wazee wakashusha vikombe. Kadar angeweza kukataa. Akafungua.

Mursal akachungulia kulia, akachungulia kushoto, bila haraka. "Yametimia yote, hayajalika," akawatangazia. "Miaka saba. Ila huku nyuma amekaa babu yake."

Kicheko kilichofungiwa tangu Hadado kikamtoka Kadar kwa sauti ya ngamia dume, kauri mbele, kahawia nyuma, vyote nje. Wazee wakaangua naye, hata sheikh.

Upande wa wanawake, Shamso akainua kichwa. "Nani huyo?"

"Huyo ni aabo, baba yangu," Ruweyda akasema.

Shamso akasikiliza kidogo. "Kumbe," akasema, na akasogea karibu na pazia.

Kadar akamaliza chai, akasukutua, akatema kando. Kisha akamgeukia Mursal na kukipanua kinywa tena, maana wazee wa mwisho wa mkeka walikuwa hawajaona vizuri.