Wa Kumjibu Mtani

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu wa pwani, na baridi ya Njombe ilimtesa mpaka akawa anafundisha amevaa makoti mawili. Siku ya mwisho kabla ya likizo aliandika ubaoni neno moja tu, friend, akatuagiza kila mmoja arudi na maneno yote ya Kiswahili yanayoweza kukaa mahali pake, na aeleze yanatofautianaje. Alitupa ya kuanzia: rafiki, sahibu, mwandani, msiri. Shoga alisema tuliache, kwa kuwa ni la wanawake watu wazima, na kwa sababu hiyo wasichana wote darasani tuliliandika la kwanza.

Enzi hizo za Mwingereza msichana kuwa na daftari lilikuwa jambo kubwa, nami kiburi nilikuwa nacho. Nilitaka orodha yangu izishinde zote. Nilipofika nyumbani Kitandililo nilimwuliza mama, akanipa mwenzi na jirani, kisha akanituma kuni. Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe. Hakufikiri hata kidogo.

"Andika mtani," akasema.

Watoto wa siku hizi inabidi waelezwe. Babu zetu sisi Wabena walipigana na Wangoni, na vita vilipokwisha ukabaki utani. Mngoni akikukuta anaweza kukutukana, kukamata kuku wako, kuvaa koti lako akaondoka nalo, nawe huna ruhusa ya kununa. Zamu yako ikifika unamlipa vivyo hivyo. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kukusema, jinsi ulivyokuwa mchoyo na jinsi ulivyokuwa unakoroma, mpaka wafiwa wacheke huku wanalia.

Mtani wa baba alikuwa Mngoni wa Songea aliyekuwa akipita Makambako kwenda kukata mkonge na kurudi. Mara ya kwanza lori lilimshusha kando ya barabara akitetemeka kwa homa, na baba akamleta kwetu kwa baiskeli, amemfunga kwa shuka asianguke. Alipopata nguvu ya kutaja kwao, baba alifurahi waziwazi.

"Kumbe nimejiokotea mtumwa wangu mwenyewe!"

Mgonjwa akafumbua jicho moja. "Babu yako ndiye aliyembebea babu yangu ngao. Funga mdomo, lete uji."

Tangu hapo kila safari alishuka kwetu, akakaa siku mbili tatu, akamaliza ulanzi wa baba, ile pombe yetu ya mianzi. Nilipenda mno kuwasikiliza. Mmoja alitoa tusi lake, akanyamaza, akamkazia mwenzake macho akingoja. Huko kungoja ndiko kulikokuwa kutamu, kwa sababu sote pale tulijua jibu linapikwa.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu alilikata neno langu kwa wino mwekundu. Rafiki unamchagua mwenyewe, alisema, na marafiki hawatukanani. Nilinuna wiki nzima. Leo naona kuhusu kuchagua alisema kweli, maana baba hakumchagua yule mtu, alimrithi tu. Hayo mengine sijui aliyatoa wapi, kana kwamba huko kwao pwani hakuna watani.

Mwaka uliofuata, katika miezi ya baridi kali, wakati umande unaganda juu ya majani ya viazi, baba alishikwa na kichomi. Niliitwa kutoka shule. Kila alipoamka aliuliza kama mtani amepita, na kila tuliposikia kwamba malori ya mkonge yamefika, mama alinituma Makambako kuulizia. Nilipanda juu ya gurudumu nikachungulia nyuso za watu waliojazana nyuma ya lori, nikimtafuta Mngoni wetu mwenye pengo mbele. Wengine walinitania, wakaniita mtumwa wao. Niliona aibu, nikashuka bila kuwajibu.

"Bado," nilimwambia baba jioni moja.

Alitafuta pumzi kwanza. "Akija, asikose wa kumjibu."

"Utamjibu mwenyewe, baba."

"Wewe ndiye mwenye maneno mengi kwenye daftari," akasema. "Utamjibu wewe."

Siku ya tatu baada ya hapo alifariki. Mazishini aliletwa Mngoni mmoja, kibarua wa barabara, akasimama akasema marehemu alikuwa mchoyo. Wajibu ukatimia, na watu walicheka kwa adabu. Nilimchukia yule mtu bure. Baba hakuwa mchoyo, na yule kibarua hakuwa amemwona hata siku moja. Tusi lisilomjua mtu halina ladha.

Mtani mwenyewe alikuja wakati wa kupanda mahindi. Alikuwa amekwisha sikia njiani. Alimsalimu mama nje, "Kamwene," kwa Kibena chake kibovu alichofundishwa na baba, kisha akaenda moja kwa moja kaburini, nasi tukamfuata. Alivua kofia. Akaonekana kufikiri, akaivaa tena, akaweka mikono kiunoni.

"Mbena mwoga wewe! Umeona nakuja kumaliza ulanzi wako, ukakimbilia chini ya udongo. Hebu toka huko!"

Mama alicheka. Alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu tumzike baba, hata akanishika mkono asianguke. Kisha mtani akanyamaza, akalikazia kaburi macho vile vile alivyokuwa akimkazia baba. Alingoja. Ndege walilia, mtu akapita barabarani na ng'ombe zake, naye bado anangoja. Mwishowe akageuka akanitazama.

Nilijua nangojwa mimi. Nilikuwa na orodha nzima ya majina ya rafiki kichwani, na sikupata hata neno moja la kumtukana mtu mzima ambaye midomo ilikuwa inamtetemeka. Nikaangua kilio. Alinipapasa begani akasema, "Basi, mwanangu, basi." Hapo ndipo nilipojua nimeharibu, kwa sababu mtani habembelezi mtu.

Hakulala kwetu siku hiyo. Jibu lilinijia baada ya wiki moja, napalilia viazi, na lilikuwa zuri hata nikacheka peke yangu katikati ya matuta. Nikalitunza. Nilimngoja msimu uliofuata, na uliofuata huo. Wako waliosema amepata mke hukohuko kwenye mkonge, wako waliosema amekufa. Sijapata kujua. Nami nimekuwa mtu mzima, nimefundisha Kiingereza watoto wa watu miaka mingi, na nimepata marafiki wa kila jina lililomo kwenye ile orodha. Hakuna hata mmoja wa kunitukana vizuri. Nikifika Makambako, nikiona mzee ana pengo mbele, jibu linanipanda mdomoni, na kila mara inanibidi nilimeze.

Baba hakukukimbia, we mtumwa. Ametangulia kukupimia shamba utakalomlimia.