Baba Alipoinjika Chungu

Mama alifariki tukiwa bado Ilomba, Mbeya. Baba alikuwa kibarua wa barabara, na kazi ilipohamia Iringa tukahama nayo: yeye, mimi, na mdogo wangu wa kike ambaye bado alibebwa mgongoni. Tulipanga chumba Ipogolo, chini kabisa, kando ya barabara kuu. Shule ilikuwa juu mjini.

Nilikuwa darasa la nne, na mbele yangu kulikuwa na mtihani wa kuingia shule ya kati. Alfajiri nilichota maji mtoni, nikamwacha mdogo wangu kwa jirani, nikapanda mlima. Jioni nilishuka nikiokota kuni njiani, nikapika, nikamwogesha mtoto. Nyumbani tulisema Kisafwa, majirani walisema Kihehe, shuleni Kiswahili. Hata kusikiliza kulinichosha. Baada ya kula Baba aliniamuru nisome, naye akakaa kunisimamia. Tulisinzia wote wawili, yeye ameegemea ukuta, mimi nimelalia kitabu.

Katika jaribio la kwanza nilikuwa miongoni mwa wa mwisho. Mwalimu wetu, mwanamke wa Kibena ambaye ukali wake ulikuwa wa sauti ya chini, hakunichapa. Aliniuliza nasoma saa ngapi, nami nikamweleza siku yangu yote. Jumamosi alishuka Ipogolo, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

Alimwamkia Baba kwa heshima, kisha akamwambia kwamba mtoto huyu anafungua kitabu wakati kichwa kimeshafungwa. Afadhali abaki darasani wenzake wakitoka, jua likiwa bado lipo. Asome somo moja tu, afunike kitabu, aandike alichokumbuka, ndipo arudi nyumbani.

"Na chakula?" Baba aliuliza.

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza wewe, baba."

Jumatatu niliporudi, nilimkuta amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza moto, macho mekundu kwa moshi, mtoto amefungwa mgongoni kwa kaniki ya Mama. Ugali ulikuwa mbichi katikati. Tuliula. Wanawake wa jirani walipita wakicheka, na mzee mmoja akamshauri aoe upesi kabla hajageuka mwanamke. Mikono yake ilikuwa imekwishapasuka kwa kokoto. Sasa iliungua pia.

Siku chache baadaye niliona aibu, nikamwomba aniachie mwiko.

"Watu wanasema, Baba."

"Waache waseme," alijibu bila kugeuka. "Wao hawana mtihani."

Kule darasani mambo hayakuwa mepesi. Mwanzoni nililala juu ya dawati, na Mwalimu, akisahihisha kazi mezani pake, aligonga meza kwa kidole mpaka nikainuka. Akanifundisha kusoma nimesimama, nikitembea kati ya madawati. Nilipofunika kitabu sikukumbuka chochote, nikafunua tena. Wiki zilipita hivyo. Kisha siku moja niliandika mito yote ya nchi yetu aliyotufundisha, bila kuchungulia. Sikufurahi sana, nilikuwa nimechoka mno. Lakini nilipokuwa nikishuka mlima niliitaja tena kwa sauti, na miguu ikaenda yenyewe.

Nilifaulu. Nilipewa nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, mbali na pale, na hilo halikuwa limenijia akilini: kwamba kufaulu kungemwacha Baba peke yake na mtoto na jiko. Asubuhi ya safari alinifungia mahindi ya kuchoma kwenye kitambaa. Nikamwambia ningeweza kubaki.

"Panda gari," alisema.

Nilipanda lori, na kabla hatujafika mbali usingizi ulikuwa umenichukua. Baba aliendelea kupika miaka mingi, mpaka mdogo wangu alipoweza kusonga ugali. Hakuipenda kazi ile hata siku moja, wala hakujisingizia kuipenda.