Kitabu Kinasema Tulitoka Kisumu

Nilipoolewa huku juu, upande wa Boito, nilikuta baridi ya kuuma. Kuna miezi ungeamka ukute majani chai yameungua kwa baridi, meusi kama yamemwagiwa maji ya moto, na kwa wiki mbili au tatu hakuna cha kuchuma. Mume wangu alikuwa na koti moja zito la sufu, alilipata mitumbani kule Roret, na alichuma chai amelivaa mpaka saa nne, jua likishatoka vizuri. Neti za mbu zilipogawiwa mara ya kwanza kliniki ya akina mama, nilirudi nayo nyumbani akaicheka sana.

"Mbu akitaka kukaa huku," alisema, "anunue kwanza koti kama langu."

Nami nilicheka. Ile neti nikaitandaza juu ya kitalu cha miche ya chai, kuku wasichakure na jua lisipige moja kwa moja. Si mimi peke yangu. Ukipita boma kwa boma uliona neti za buluu juu ya miche, na miche ilikuwa inashika vizuri kabisa. Nasema hivi mapema kwa sababu nitataja watu wengine wenye makosa, na sitaki mtu aseme nilijiruka.

Baridi haikuondoka siku moja. Jirani yangu, mama mmoja aliyetoka kwao Kisii na mumewe wakanunua shamba kando yetu, alikuja na mashina ya ndizi. Tulimcheka miaka mingi kwa sababu yalitoa majani tu. Halafu mwaka mmoja yakazaa. Alituita tukala ndizi zilizoiva huku kwetu, na sote tukasifu. Mimi nilikuwa nimeshaacha kuvaa sweta shambani. Hakuna aliyeuliza baridi imeenda wapi na ni nani ameifukuza. Siku hizi redio inasema ni moshi wa viwanda na magari ya nchi kubwa. Basi hao ndio wa kwanza katika orodha yangu. Hawanijui na hawatanijua, lakini nimewataja.

Wa pili namjua, na kila mtu huku anamjua. Bondeni kwetu palikuwa na kinamasi chenye matete, maji yanapita polepole. Huyu bwana alikodi sehemu ile akachimba udongo wa matofali. Matofali yakauzwa, mashimo yakabaki, mvua ikayajaza. Tulimwambia mzee wa kijiji amlazimishe ayafukie yale mashimo. Mzee wa kijiji akajengewa choo cha matofali, kizuri, bado kiko. Hakusema neno tena. Huyo ni wa tatu.

Halafu mwaka mmoja mvua ndefu haikutaka kuisha na joto nalo halikutaka kupoa. Mume wangu alirudi kutoka shambani mchana, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akalala amevaa lile koti na bado anatetemeka. Kesho yake nikampeleka zahanati. Daktari wetu, kijana mtaratibu, hana kelele, alimuuliza swali ambalo huuliza kila mwenye homa:

"Mmesafiri hivi karibuni? Kisumu, Busia, huko chini?"

Tukasema hapana. Tungesafiri kwenda wapi na chai imejaa shambani? Basi akasema ni mapafu, akampa vidonge vya mapafu. Kipimo cha damu hakumfanyia. Vipimo vilikuwa vichache, vinawekwa kwa ajili ya wasafiri, kwa sababu malaria ilikuwa ugonjwa wa huko chini, na sisi tulikuwa watu wa juu. Hata sisi wenyewe tuliamini hivyo. Mtu wa kwetu akisikia malaria alidhani ni jambo la watu wa ziwa, na wengine walimtupia maneno jirani yangu kwamba watu wa kwao ndio wameileta pamoja na ndizi.

Siku ya nne mume wangu alianza kuongea na ng'ombe tuliyemuuza zamani. Tukampeleka hospitali kubwa. Walipomtoa damu waliiona malaria mara moja, lakini alikuwa amekwisha. Mimi mwenyewe nilianguka pale kwenye benchi nikimngojea, nao wakanipima kwa sababu nilianguka mbele yao. Nilikuwa nayo pia. Mimi nikapata dawa. Yeye tukamrudisha nyumbani tukamzika, na mazishini niliketi kwenye kiti kwa sababu miguu haikunibeba. Ndiyo maana niko hapa nasimulia. Sikuokolewa na akili yoyote. Niliangukia mahali pazuri, basi.

Baada ya hapo jirani yangu ndiye aliyenifungua macho. Tulikuwa tunachuma, kila mtu na mstari wake, kikapu mgongoni, akasema bila hata kuniangalia, "Mama, wewe ulisema ukweli, ndiyo shida. Sisi tunasema tumetoka Kisumu."

Kumbe wengi walikuwa wanafanya hivyo. Ukiwa na mgonjwa, unasema umetoka Kisumu juzi, unapimwa. Uongo mdogo, haumuumizi mtu.

Binti yangu wa mwisho alikuja kukaa nami akiwa na mimba ya miezi saba. Homa ikamshika shambani. Nilimwambia njiani anyamaze aniachie mimi. Daktari ni yule yule, swali ni lile lile.

"Tumetoka Kisumu," nikasema. "Kwa dada yangu."

"Kisumu sehemu gani?"

"Karibu na maji," nikasema. Sijawahi kuliona hilo ziwa hata kwenye picha nzuri.

Binti yangu akaangalia sakafu. Daktari akaandika kwenye kitabu, akamtoboa kidole, na mistari miwili ya malaria ikatokea kwenye kile kipimo. Alipata dawa siku ile ile. Mtoto alizaliwa mdogo lakini mzima, msichana, na siku aliyofika nyumbani nilitoa neti kwenye kitalu, nikaifua mara tatu, nikashona matundu, nikaifunga juu ya kitanda chao. Kuku wakachakura miche. Niliwaacha.

Nilijivunia ule uongo. Niliwafundisha wanawake wengine mstarini, mmoja mmoja, kama unavyomfundisha mtu kuchuma majani mawili na chipukizi. Nikawaambia wasisahau kusema karibu na maji.

Ndipo ukaja mkutano wa baraza. Afisa wa afya alikuja kueleza habari ya kupuliza dawa ya mbu kwenye kuta za nyumba. Tulikuwa tumesikia kwamba huko chini wanapuliziwa, na mimi nilikwenda nimembeba mjukuu, nikitaka nyumba yetu iwe ya kwanza. Afisa akasema polepole, kwa adabu, kwamba dawa haitoshi kila mahali, inaenda mahali penye ugonjwa. Huku kwetu amesoma kitabu cha zahanati. Wagonjwa wa malaria wapo, lakini wote waliipata safarini. Wote wametoka Kisumu.

"Sijui mnafuata nini huko," akasema. "Ama ni samaki?"

Watu wakacheka. Jirani yangu alicheka pia, halafu akaacha ghafla akaniangalia. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwangu, jasho limemlowesha shingo. Nikaelewa kwamba mimi ndiye niliyeandika lile neno mle kitabuni, na kwa ajili ya neno lile huyu mtoto angebaki bila dawa ukutani. Yule wa mashimo, mzee wa kijiji, daktari, wote walikuwa wameketi pale mbele wametulia. Hakuna aliyewataja, kwa sababu kitabu kilikuwa kimewasafisha. Mimi ndiye niliyewasafisha.

Nikasimama. Sikuzoea kusema barazani, masomo yangu yaliishia darasa la tano.

"Mimi sijawahi kwenda Kisumu," nikasema. "Binti yangu alishikwa hapa. Baba yake alishikwa hapa, akafa kwa kusema ukweli."

Daktari aliangalia viatu vyake. Halafu jirani yangu akasimama akasema yeye alienda Kisumu mara moja tu, kabla ya kuolewa. Mwingine nyuma akasema hajui hata gari la Kisumu linapandiwa wapi. Wakasimama wanawake tisa, na mwanamume mmoja.

Kesho yake nilikwenda zahanati na jirani yangu. Nilimwambia daktari afungue kitabu. Alitafuta siku ya binti yangu, akachora mstari juu ya neno Kisumu, akaandika jina la kijiji chetu kando yake. Alifanya hivyo kwa wale wengine pia, jirani yangu akimkumbusha siku. Halafu nikamwambia arudi nyuma, mpaka mwaka ule wa mvua. Alimpata mume wangu. Mapafu, imeandikwa, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Hii siwezi kubadilisha, mama," akasema. "Hakupimwa hapa."

"Najua hakupimwa," nikamwambia. "Wewe ndiye hukumpima."

Akafunga kitabu, na mimi sikuondoka haraka. Sijamsamehe. Lakini tangu siku hiyo haulizi tena mtu ametoka wapi. Ukiwa na homa anakutoboa kidole.

Wapulizaji walikuja kabla ya mvua nyingine, na mitungi yao mgongoni. Yale mashimo bado yako, na maji yamo. Walituambia tutoe kila kitu nje, vitanda, vyombo, nguo zote. Mwisho nilitoa lile koti lililokuwa limening'inia nyuma ya mlango miaka yote. Nilikuwa nimewapa wakwe zangu, wakalikataa, wakasema ni zito, nani atavaa kitu kama hiki siku hizi. Nikalitandika juu ya michai, mjukuu akatambaa akalalia mkono mmoja wa koti, tukangoja dawa ikauke ukutani.