Diski Iliyokataa Kuonekana

Nakumbuka siku moja hapa Voi, mwanangu, nilipotangaza kifo cha diski iliyokuwa hai. Nilikuwa mwalimu mpya wa kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi, na nilijiona sana. Tulikuwa tumepewa mashine kuukuu ambayo kompyuta zote za darasa zingeitegemea. Kila nilipojaribu kuiwekea Linux, mfumo wa kuiendesha, mashine iliniambia hakuna diski ya kuhifadhia kazi, nami nikatangaza kuwa imekufa. Mkuu wa chuo akachoka. Alisema isipowaka kufikia jioni itauzwa kama vyuma chakavu na darasa lifungwe. Wanafunzi wangu, wasichana waliotoka Wundanyi na Taveta, wangerudi makwao mikono mitupu.

Mchana nilikwenda kula kwa shangazi yangu Mwanahamisi, nimenuna. Kabla sijanawa, mama mmoja akapiga hodi, anatafuta chumba cha kupanga. Unawajua watu wetu: mgeni haambiwi hapana kabla ya kuulizwa ametoka wapi, ni wa nani, nani anamjua. Waliulizana weee, mpaka ikajulikana marehemu mama yake aliwahi kuuza ndizi sokoni na shangazi. Chumba kikapatikana papo hapo.

Mgeni alipoondoka nikamweleza shangazi habari za diski yangu. Akanitazama kidogo.

"Na wewe umeiuliza imekuja na nani?"

Karibu nicheke. Lakini nilirudi chuoni, nikafungua mashine. Kumbe diski haikuchomekwa kwenye bodi kuu. Ilipitia kadi moja ya zamani, kibao kidogo cha kuiunganisha na mashine, na jina la kadi liliandikwa juu yake. Diski ilikuwa nzima. Ni Linux tu haikuijua kadi. Nikaanza upya kuiweka Linux, na kabla ya hatua ya diski nikaiamuru kwa mkono ipakie draiva ya kadi ile, yaani programu ndogo ya kuijulisha Linux kadi hiyo.

Diski ikatokea, nzima nzima. Nilipiga kelele hata mpishi akaja mbio. Jioni mkuu alikuta kompyuta zote zinawaka na wasichana wameketi mbele yazo. Furaha ile sikuipata hata siku ya harusi yangu, na mama yako anajua.

Basi, mwanangu, mashine ikisema haioni kitu, usikimbilie kutupa. Fungua, soma jina la kadi, tafuta draiva yake, uipakie kwanza. Na binadamu usimkatae kabla hujamuuliza. Mungu aibariki mikono yako, akupe subira, na kila utakachokiwasha kiwake.